Kucha na Kutwa: Habari za Mwanga na Afya katika Pwani ya Tanga

Katika maneno ambayo Kiswahili kimeyahifadhi tangu zamani, machache yana maana pana kama kucha na kutwa. Kucha ni kuja kwa mwanga wa asubuhi. Kutwa ni kuzama kwa jua. Msemaji asemapo kwamba fulani alifanya kazi mchana kutwa, huipima kazi ile kwa kuzama kwa jua. Na asemapo kwamba mgonjwa hakulala usiku kucha, huyapima mateso yale kwa kuja kwa mwanga. Macheo na machweo yametoka humo, na kukesha, ambako ni kukaa macho mpaka kuche, kuna asili hiyo hiyo. Hata saa za Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapotoka, na huanza tena jua linapozama, hivi kwamba saa moja ya asubuhi hutimia baada ya saa ya kwanza ya mwanga, na saa moja ya usiku hutimia baada ya saa ya kwanza ya giza. Mtu wa Tanga, au wa Pangani, au wa Moa, hakungoja kuambiwa na mtu wa mbali kwamba siku ina nusu mbili. Lugha yake ilimfundisha hayo toka utotoni.

Jambo ambalo lugha haikulisema waziwazi, na ambalo elimu ya viumbe imelithibitisha tangu katikati ya karne ya 20, ni kwamba mwili wa mwanadamu nao huhesabu saa kwa namna hiyo. Ndani ya mwili mna saa, na saa hiyo hutiwa majira na mwanga. Usingizi, njaa, joto la mwili, nguvu za damu na mtiririko wa homoni hufuata saa hiyo kama watumishi wanavyofuata kengele. Historia ya pwani ya kaskazini ya Tanzania ni mfano mzuri wa jambo hili, kwa sababu huko mtu aweza kuona, hatua kwa hatua, jinsi taa zilivyoingia katika usiku, na jinsi kuta na mapaa yalivyomtoa mtu katika mchana. Fundisho la historia hiyo ni moja: afya haikai katika mwanga peke yake, wala katika giza peke yake, bali katika zamu za hivyo viwili.

Kwanza yafaa kuitazama nchi yenyewe. Mji wa Tanga uko kiasi cha digrii 5 kusini ya Ikweta. Siku iliyo ndefu kupita zote, katika mwezi wa Desemba, huizidi ile iliyo fupi kupita zote, katika mwezi wa Juni, kwa dakika 35 hivi tu. Katika mji wa London mchana wa Juni hufika saa 16 na nusu, na mchana wa Desemba hushuka chini ya saa 8. Tofauti hii ina maana kubwa. Watu wa pwani waliweza kuhesabu saa zao kutoka macheo na machweo mwaka mzima, na hesabu isiharibike. Mwingereza angalijaribu kufanya hivyo, saa zake zingalikuwa ndefu wakati wa joto na fupi wakati wa baridi. Mwili nao ulipata kipimo hicho hicho kisichopotoka. Kiasi cha saa 12 za mwanga kilifuatwa na kiasi cha saa 12 za giza, mwaka baada ya mwaka, na saa ya ndani haikuwa na sababu ya kuyumba.

Desturi za maisha zilijengwa juu ya zamu hizo. Adhana ya alfajiri iliwaamsha watu kabla ya jua kutoka, na nyakati zote tano za sala zilipimwa kwa mwanga na kivuli: kupambazuka, kupinduka kwa jua, kurefuka kwa vivuli, kuzama kwa jua, na kwisha kwa wekundu wa magharibi. Mkulima alikwenda shambani asubuhi na mapema, na jua lilipopanda utosini alitafuta mwembe au baraza. Mkata mkonge naye, katika mashamba yaliyoenea baada ya Richard Hindorf kuleta mmea huo kutoka Florida mwaka 1893, alianza kazi yake mapema apate kuumaliza mgawo wa siku kabla ya jua kuwa kali. Hivyo sehemu kubwa ya mwanga ambao mtu aliupata machoni mwake ilikuwa ya asubuhi.

Desturi hii haikuwa ya pwani peke yake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1915 ungalikuwa habari ya kukisia tu. Lakini ule uliotolewa mwaka 2015 ulitumia vyombo vidogo vilivyovaliwa mikononi na Wahadzabe wa upande wa ziwa Eyasi, pamoja na watu wa makabila mengine mawili ya kusini mwa Afrika na Amerika ya Kusini ambao hawakuwa na umeme. Ilionekana kwamba mwanga mwingi zaidi waliupata asubuhi, karibu na saa tatu, na adhuhuri walikaa kivulini. Ilionekana vilevile kwamba hawakulala mara jua lilipozama, bali kiasi cha saa tatu baadaye, na kwamba usingizi wao ulikuwa baina ya saa 5.7 na 7.1. Yaliyopatikana yanawasahihisha wale wadhanio kwamba watu wa kale walilala pamoja na kuku. Baada ya magharibi palikuwa na muda wa kula, wa hadithi na wa mazungumzo, ila muda huo ulipita katika mwanga hafifu wa moto.

Na kwa hakika mwanga wa kale ulikuwa hafifu. Mwezi Aprili mwaka 1498, merikebu ya Wareno iliyoitwa São Rafael ilipanda mwamba karibu na Mtangata, kusini ya Tanga ya leo, saa mbili kabla ya kucha. Pwani ile ilikuwa na mji wenye misikiti na makaburi ya mawe, ambayo magofu yake yako Tongoni mpaka leo, lakini haikuwa na nuru ya kumwonya baharia. Ndani ya nyumba watu waliwasha utambi uliolowekwa katika mafuta ya nazi au ya ufuta. Neno shubaka, yaani kidirisha kisichopenya kilichochimbwa ukutani, lakumbusha mahali palipowekwa taa ya namna hiyo. Taa ile iliweza kumwonyesha mtu uso wa mwenziwe na sinia la chakula; haikuweza kuufanya usiku kuwa mchana.

Mabadiliko ya kwanza yaliletwa na mafuta ya taa. Kisima cha mafuta kilichochimbwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1859, kilifungua biashara iliyofika mpaka vijiji vya pwani ya Afrika. Mafuta yaliingia katika madebe, na debe likawa maarufu hata likawa kipimo cha mahindi, mpunga na maji. Fundi wa bati alitengeneza koroboi. Maduka ya mjini yaliuza kandili na chemli. Baadaye ikaja karabai, ambayo mwanga wake mweupe ulitosha kuangaza harusi nzima au ngoma ya uwanjani. Wajerumani, au Wadachi kama wazee walivyozoea kuwaita, waliweka mnara wa taa katika kisiwa cha Ulenge mbele ya bandari ya Tanga, na reli waliyoianza mwaka 1893, iliyofika Moshi mwaka 1911, ilikuwa na ratiba isiyofuata kivuli cha mtu. Hata hivyo, koroboi na kandili zilikuwa za jamaa ya moto. Mwanga wao ulikuwa mchache na wenye wekundu, na mtu aliuzima mapema kwa kuwa mafuta yalikuwa na bei.

Mabadiliko ya pili yalikuwa makubwa zaidi. Mto Pangani, ambao hukusanya maji ya Kilimanjaro, Meru, Upare na Usambara, una maporomoko kabla ya kufika baharini. Kampuni ya umeme ya TANESCO iliundwa mwaka 1931, na katika miaka ile ile ya 1930 maporomoko hayo yalianza kuzungusha mitambo kwa ajili ya mji wa Tanga na mashamba ya mkonge. Umeme haukuletwa kwanza ili mtoto asome. Uliletwa ili korona, yaani mashine ya kumenyea mkonge, isisimame. Mwaka 1964 ulianza mtambo wa Hale, wenye nguvu za megawati 21, na mwaka 1995 ukaanza mtambo mpya wa Maporomoko ya Pangani, wenye megawati 68. Kisha, baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007, nyaya zilifika katika vijiji ambavyo vilikuwa vimejua koroboi tu. Maji yaliyokuwa yakishuka gizani kwa maelfu ya miaka yakawa ndiyo yanayolifukuza giza.

Mpaka hapa habari hii ni habari ya maendeleo, na ndivyo ilivyozoeleka kusimuliwa. Katika fasihi na katika siasa, nuru ni elimu na giza ni ujinga. Hakuna aliyeulizwa kama giza lina faida. Lakini pwani ya Tanga ilikuwa na shahidi mwingine, ambaye alikuwa akiishi ndani ya damu za watu, na ushahidi wake ulipatikana kabla homoni hazijapewa jina.

Shahidi huyo ni mnyoo wa matende na mabusha. Ugonjwa huu umewatesa watu wa pwani kwa muda mrefu sana, ukiwavimbisha miguu na korodani na kuwaaibisha mbele ya wenzao. Daktari Patrick Manson, alipokuwa Amoy katika nchi ya China, alieleza katika miaka ya 1870 kwamba ugonjwa hupita kwa mbu, kisha akagundua ajabu nyingine: vijidudu vichanga vya mnyoo huo huonekana katika damu ya karibu na ngozi wakati wa usiku, hasa karibu na usiku wa manane, na mchana hutoweka. Havifi wala havitoki mwilini; hujificha katika mishipa ya mapafu. Mwaka 1881 daktari mwingine, Stephen Mackenzie, alimfanya mgonjwa mmoja huko London alale mchana na kukesha usiku. Baada ya siku chache vijidudu navyo viligeuza zamu yao, vikawa vyatokea mchana. Baadaye Frank Hawking, mtaalamu aliyewahi kufanya utafiti Tanganyika kabla ya vita vya 1939, alionyesha kwamba vijidudu hivyo huongozwa na mabadiliko yanayotukia katika mwili wa mwenyeji wao kati ya kulala na kuamka.

Jambo hili lilikuwa na matokeo ya kazi katika wilaya za Tanga na Muheza. Wataalamu waliochunguza ugonjwa huo katika vijiji kama Machui, ambako ndiko karibu na Vibambani alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na Kirare, ambako matokeo ya ugawaji wa dawa ulioanza mwaka 2004 yalifuatwa kwa miaka mingi, walilazimika kuingia kijijini usiku. Mtu mwenye vijidudu vingi aweza kuchomwa kidole saa sita ya mchana, akaonekana hana kitu. Akichomwa saa nne au saa tano ya usiku, darubini hujaa. Yamkini wanakijiji walishangaa kuwaona wageni wakipita na taa kutafuta damu saa za kulala. Maana yake ilikuwa nyepesi: mnyoo umejifunza saa ya mwili wa binadamu, kwa sababu mbu wanaoueneza huuma usiku. Kama mwili haungalikuwa na saa, mnyoo haungalikuwa na cha kujifunza.

Saa yenyewe iko wapi, na nani huitia majira? Jibu lilikuja kidogo kidogo. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauwongo, akaona kwamba majani yake yaliendelea kufunguka na kufunga kwa nyakati zake ingawa hayakuliona jua. Mwaka 1958 Aaron Lerner na wenziwe, katika Chuo Kikuu cha Yale, walipata homoni ambayo waliiita melatonini, kutoka katika tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo wa ng'ombe. Mwaka 1972 ilijulikana kwamba saa kuu ya mwili wa wanyama imo katika kifundo kidogo cha seli kilichoko juu ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenziwe walionyesha kwamba mwanga mkali hukatiza melatonini ya mtu wakati wa usiku. Na mwaka 2002 ilithibitika kwamba nyuma ya jicho mna seli chache ambazo kazi yake kuu ni kuupelekea ubongo habari kwamba kumekucha au kumekutwa. Seli hizo huvutwa zaidi na mwanga wenye rangi ya buluu, kama ule wa mbingu ya asubuhi, na huamshwa kidogo tu na wekundu wa moto. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyozunguka ndani ya seli.

Kazi ya melatonini ni kuutangazia mwili usiku. Huanza kupanda saa mbili hivi kabla ya wakati wa kulala, hukaa juu wakati wa giza, na hushuka kunapokucha. Wakati huo joto la mwili hupungua na mapigo ya moyo hutulia. Karibu na asubuhi hupanda homoni nyingine, kotisoli, ambayo huuandaa mwili kwa kazi na kuitia damu sukari. Namna mwili unavyokitumia chakula pia hubadilika kwa saa: chakula kile kile kikiliwa usiku sana huacha sukari nyingi zaidi katika damu kuliko kikiliwa asubuhi. Mwanga ukiingia katika saa za melatonini, tangazo hukatizwa. Na mwanga wa asubuhi ukikosekana, tangazo la mchana huwa la mashaka.

Hapa hesabu ya mwanga husaidia. Kipimo chake huitwa luksi. Jua la adhuhuri la Tanga laweza kufika luksi 100,000. Kivuli cha mwembe chaweza kuwa na maelfu kadhaa. Ofisi iliyowashwa taa huwa na luksi 300 mpaka 500. Mwezi mpevu haufiki luksi 1, na koroboi iliyowekwa mbali kidogo na mtu hutoa luksi chache tu. Jicho la kuonea hujirekebisha haraka, hivi kwamba mtu aliye ofisini hudhani yuko katika mwanga wa kutosha. Saa ya mwili haidanganyiki hivyo. Kwayo, mtu aliyekaa ofisini kutwa amekaa katika machweo yasiyokwisha. Usiku nao, taa ambazo mtu huziona za kawaida, chini ya luksi 100, zimeonekana kukatiza nusu ya melatonini au zaidi kwa watu wengi, ingawa watu hutofautiana sana. Babu aliyekaa na koroboi hakugusa kiwango hicho. Mjukuu wake aliye chini ya taa nyeupe ya kisasa, na simu mbele ya uso wake, hukivuka kila usiku.

Walio katika hatari zaidi ni wale ambao riziki yao iko usiku. Mji wa Tanga umekuwa na wafanyakazi wa zamu tangu siku za reli na bandari, na viwanda vilivyojengwa baada ya uhuru viliwaongeza. Wauguzi, walinzi, madereva wa malori na watu wa mitambo hufanya kazi mwili unapotangaza usingizi, na hujaribu kulala jua likiwa limewaka. Mwaka 2007 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliihesabu kazi ya zamu za usiku inayovuruga saa ya mwili miongoni mwa mambo ambayo yamkini huleta saratani, na mwaka 2019 likakariri hukumu hiyo. Uchunguzi mwingi umeihusisha kazi hiyo vilevile na kisukari, unene na maradhi ya moyo.

Wavuvi wa dagaa ni watu wa namna ya pekee katika habari hii. Huondoka jioni, huwasha taa juu ya maji, na dagaa wakija kwenye mwanga huzungushiwa nyavu. Taa hizo zilikuwa karabai kwa miaka mingi. Siku hizi nyingi ni taa za betri zenye mwanga mweupe mkali. Mwezi unapokuwa mpevu dagaa hawavutwi na taa, kwa hiyo wavuvi hupumzika na kulala majumbani kama watu wengine. Maana yake ni kwamba kila mwezi saa za miili yao hupinduliwa, kisha hurudishwa, kisha hupinduliwa tena, mfano wa msafiri avukaye bahari kwenda ng'ambo na kurudi mara 12 kwa mwaka. Hakuna anayeuza dagaa sokoni anayeiweka gharama hiyo katika bei.

Upande wa mchana una hasara zake pia. Mwanga wa jua ukigusa ngozi huiwezesha kutengeneza vitamini D, ambayo mwilini hugeuzwa kuwa homoni inayosimamia chokaa ya mifupa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 juu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu waishio nje sehemu kubwa ya siku, ulikuta kiasi cha nanomoli 115 za vitamini hiyo katika kila lita ya damu, na kiasi hicho kimetumiwa na wataalamu wengi kama kielelezo cha hali ya binadamu wa asili. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe, na mwali unaofanya kazi hiyo hauvuki kioo cha dirisha. Jua la asubuhi sana huitia saa majira, lakini halina mwali huo wa kutosha; ngozi huungoja mpaka jua lipande.

Pwani ilikuwa na desturi ambazo zingaliweza kuleta madhara. Mwari aliwekwa ndani, na wake wa waungwana walitawa, wasionekane barabarani mchana. Nyumba za mawe za Pangani na Tanga zina kuta nene, na upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, hivyo vyumba ni vyembamba na vya giza. Katika Kashmir, India, daktari Kathleen Vaughan alieleza katika miaka ya 1920 jinsi wanawake waliofungiwa ndani walivyolainika mifupa na kupata taabu kubwa wakati wa kujifungua. Lakini mjenzi wa pwani aliacha ua. Nyuma ya chumba cha giza palikuwa na mahali palipo wazi kwa mbingu, ambapo wanawake walikuna nazi, walipepeta mchele, walisukana nywele na kuanua nguo. Ua ulisitiri heshima bila kuzuia jua. Mtu aujengapo mji wa leo kwa vyumba vilivyobanana, akauondoa ua kwa sababu kiwanja ni ghali, huondoa jambo ambalo wazee hawakulieleza kwa elimu ya homoni, lakini walilitumia.

Isidhaniwe kwamba hayo yote ni shtaka juu ya taa. Giza la kale lilikuwa na maafa yake. Moshi wa koroboi uliumiza vifua na macho. Mafuta yalimwagika, na watoto waliungua. Mkunga alimpokea mtoto bila kuona vizuri damu inatoka wapi. Msichana aliyerudi kutoka kisimani jioni, akapika, akaosha vyombo, hakuwa na saa nyingine ya kusoma isipokuwa usiku. Kumwambia mtu kama huyo kwamba giza ni afya, ilhali msemaji ana swichi ukutani, ni dhihaka. Tena, haki ya taa haijawafikia wote mpaka leo. Swali la historia hii si kama taa ziwepo. Ni taa gani, mahali gani, na saa ngapi.

Na swali hilo lina majibu yasiyohitaji mali nyingi. Darasa laweza kujengwa na madirisha makubwa, na watoto wakatolewa uwanjani asubuhi badala ya kusimamishwa ukumbini. Taa ya chumba cha kulala yaweza kuwa ndogo na ya rangi ya moto. Wadi ya wagonjwa yaweza kupunguziwa taa baada ya saa tatu ya usiku, ikaachwa nuru moja mezani kwa muuguzi. Zamu za kazi zaweza kupangwa ili mtu asipinduliwe kila wiki, na mlinzi akapewa mahali penye giza pa kulala mchana. Mvuvi hawezi kuambiwa avue mchana, lakini daktari aweza kumuuliza juu ya usingizi wake kama anavyomuuliza juu ya kikohozi chake. Nguzo za umeme zinaendelea kusimikwa katika vijiji vya Mkinga, Muheza na Pangani. Aina ya taa zitakazotundikwa humo inachaguliwa sasa, na aghalabu huchaguliwa kwa bei peke yake.

Wahenga walisema kila jambo na wakati wake. Waliosema hivyo hawakujua melatonini wala kotisoli, na hawakuona haja ya kuusifu usiku, kwa kuwa usiku ulikuja wenyewe bila kualikwa. Siku hizi haiji tena hivyo: usiku umekuwa kitu cha kuamuliwa, na mchana umekuwa kitu cha kutafutwa nje ya mlango. Msemaji wa Kiswahili angali asema mchana kutwa na usiku kucha. Maneno hayo yamebaki sahihi katika kinywa chake. Kazi iliyobaki ni kuyafanya yawe sahihi katika nyumba yake, katika shule ya mtoto wake, na katika mahali pake pa kazi.